Fila inapovimba miezi kadhaa baadaye: bakteria au kinga ya mwili?

Mtu amejazwa midomo au mashavu kwa fila, yaani jeli inayodungwa chini ya ngozi, ya asidi ya hialuroniki, uso umetulia, miezi imepita. Anaugua mafua, na siku chache baadaye palepale palipodungwa panavimba, panakuwa pekundu na kuota vinundu vigumu. Madaktari wanabishana kuhusu chanzo, na ubishi wenyewe ni mzito, maana dawa inayomfaa mgonjwa wa aina moja inaweza kumuumiza wa aina nyingine.

Kundi la kwanza linawashuku bakteria. Sindano hupita kwenye ngozi yenye vijidudu, na wachache wanaoingia pamoja na jeli hujijengea utando ambao kinga na antibiotiki huupenya kwa shida. Majaribio ya Denmark yaliyochapishwa 2014 yalionyesha kwa panya kwamba fila zinaweza kulea utando huo. Tatizo ni kwamba sampuli za wagonjwa zikioteshwa maabara, mara nyingi haioti kitu. Watetezi hujibu kuwa bakteria wa utando hawaoti kirahisi. Ni kweli, lakini basi kipimo cha kawaida hakiwezi kuwathibitisha wala kuwakanusha.

Kundi la pili linaitazama kinga. Jeli inapovunjika hutoa vipande vifupi vya asidi ya hialuroniki, na vipande vifupi huchochea uvimbe, tofauti na minyororo mirefu. Mwaka 2015 madaktari wa Vancouver, Kanada, walichapisha mapitio ya matibabu 4,702 ya Juvéderm Voluma, fila ya asidi hiyo: wagonjwa 23 walipata vinundu vya kuchelewa, nusu yao ndani ya miezi 4 hivi, na 9 walikuwa na kichochezi kinachojulikana, kama vile ugonjwa wa mafua. Kisha Desemba 2020, katika jaribio la chanjo ya Moderna, watu 3 wenye fila walivimba uso au midomo siku moja au mbili baada ya kuchanjwa. Mmoja alikuwa amewahi kuvimba hivyo kwa chanjo ya mafua. Watu 3 kati ya takriban 15,000 waliochanjwa si sababu ya kuikataa chanjo.

Kwa vinundu vinavyofuata mafua, hoja ya kinga ina nguvu zaidi. Hata hivyo makosa mawili hayalingani. Ukimpa antibiotiki mtu asiye na maambukizi, umepoteza wiki chache na kumbebesha madhara ya dawa. Ukimpa prednisoloni, steroidi inayotuliza uvimbe, peke yake mwenye usaha, umeshusha kinga huku maambukizi yakienea. Kwa hiyo joto pale palipovimba, maumivu makali, homa au uvimbe unaobonyea kama wenye majimaji vinadai antibiotiki kwanza, usaha utolewe na upelekwe maabara. Hialuronidasi, kimeng'enya kinachoyeyusha fila, isidungwe penye maambukizi kabla antibiotiki hazijaanza, kwani inaweza kuyasambaza. Vinundu baridi visivyo na homa vinaweza kusubiriwa, kwani vingi vidogo hunywea vyenyewe kwa wiki kadhaa. Visiponywea, huyeyushwa, au hutolewa steroidi kwa muda mfupi.

Tahadhari moja hupuuzwa sana: doksisaiklini, antibiotiki ambayo wengi huandikiwa miligramu 100 mara mbili kwa siku, pia hupunguza uvimbe yenyewe. Mgonjwa akipona kwayo, hilo halithibitishi kwamba kulikuwa na bakteria.

Maumivu makali na ngozi kupauka muda mfupi baada ya kudungwa ni jambo jingine kabisa. Huenda mshipa wa damu umezibwa, na hiyo ni dharura ya saa ileile.

Hialuronidasi huyeyusha asidi ya hialuroniki tu. Haigusi fila za aina nyingine kama Radiesse, Sculptra wala silikoni, na mwenye mzio wa sumu ya nyuki au nyigu lazima aseme kabla ya kudungwa kimeng'enya hicho. Kwa kuwa daktari lazima ajue ni fila gani iliyodungwa, mteja anapaswa kudai stika ya boksi la fila yenye jina na namba ya toleo, kisha aandike tarehe, sehemu zilizodungwa na mililita ngapi. Mdungaji asiyeweza kuitoa stika hiyo asiruhusiwe kuchoma sindano.