Mkanda Usiokuwepo

Mwezi uliopita jirani yangu aliniletea karatasi ya makadirio kutoka karakana moja kubwa hapa Dar es Salaam, moja ya zile zenye sakafu ya vigae, kiyoyozi na kahawa ya bure mapokezini. Gari lake ni Toyota IST ya 2004, injini ya 1NZ, limeshapita kilomita laki moja. Karatasi ilikuwa na mistari kumi na mmoja. Wa saba ulisomeka hivi: kubadilisha mkanda wa taimingi, yaani ule mkanda wa raba unaozungusha sehemu za ndani za injini kwa mpangilio mmoja, spea pamoja na ufundi.

"Dada, gari hili halina mkanda wa taimingi," nikamwambia. "Lina cheni ya chuma inayofanya kazi hiyo."

Akanitazama. "Sasa kaka, wangebadilisha nini?"

Swali hilo sijalipatia jibu la kuridhisha mpaka leo. Sitaki kusema ni wizi. Karakana za aina hiyo zina vifurushi vya matengenezo ndani ya kompyuta, kilomita elfu kumi fanya hiki, laki moja fanya kile, na kijana wa mapokezi huenda alibonyeza kifurushi cha gari jingine bila hata kufungua boneti. Yawezekana. Ila jirani alikuwa tayari kulipa. Angepewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye VAT ya asilimia 18, angeondoka na moyo mweupe kwamba gari limetunzwa na wanaojua.

Ndiyo maana nadhani mjadala wa kujitengenezea gari au kulipa bei za wakala rasmi na karakana kubwa kama ile tunauendesha vibaya. Tunaufanya uwe mjadala wa ubahili. Ukionekana Jumapili umelala chini ya gari, kaptula imelowa oili, wapita njia wanakupa pole, na mmoja lazima aulize, "Bosi, mambo yamebana?" Mtu mwenye kazi yake hashiki spana, hilo limekaa vichwani mwetu kama vile hafui nguo zake mwenyewe. Wanaotetea karakana ya kampuni nao huanzia hapohapo: muda wako una thamani, mwachie mtaalamu. Hoja si mbaya, nitaifikia. Lakini inadhani kwamba anayeshika spana anatafuta kuokoa fedha tu.

Turudi kwenye ile karatasi, maana nimeisoma kuliko ninavyosoma mkataba wangu wa nyumba. Mstari wa pili: filta ya hewa, ufundi nusu saa. Mstari wa nne: plagi nne, ufundi saa moja. Asiyejua ataona kazi mbili na bei mbili. Kwenye 1NZ ya IST, kopo la filta ya hewa limekaa juu ya injini kama kifuniko cha sufuria. Unafungua klipu mbili, unainua mfuniko, unatoa filta ya zamani, unaweka mpya, unabana klipu. Nilijipima kwa simu: dakika mbili na sekunde kadhaa, na nilikuwa naongea na mtoto. Sasa, koili na plagi ziko wapi? Chini ya kopo hilohilo. Huwezi kufikia plagi bila kulitoa. Anayebadilisha plagi amekwisha kulipangua kopo la filta, na kuweka filta mpya wakati wa kulirudisha ni ishara ya mkono tu. Nusu saa ya mstari wa pili imo tayari ndani ya saa ya mstari wa nne. Jirani anailipa mara mbili, na hakuna aliyemdanganya neno hata moja.

Hizo huitwa saa za kitabu. Karakana rasmi hazilipishi muda ambao fundi ametumia kweli, zinalipisha muda ulioandikwa kwenye jedwali la kila kazi, ukizidishwa kwa bei ya saa ya karakana. Fundi mzoefu akimaliza saa ya kitabu kwa dakika ishirini na tano, unalipa saa. Wenyewe wana utetezi, na ni wa haki: fundi mzembe akichukua saa tatu, bado unalipa moja, na bei unaijua kabla spana haijagusa nati. Kwa kazi kubwa, tuseme kushusha gia boksi, jedwali linamlinda mteja hasa. Tatizo liko kwenye kazi ndogondogo zinazorundikwa pamoja, ambazo ndizo gari la umri wa miaka ishirini linazihitaji mara kwa mara. Na mtu pekee anayeweza kuona kwamba mistari miwili ni kazi moja ni yule aliyewahi kufungua zile klipu mbili kwa mkono wake.

Hapo ndipo ninaposimama, na sioni haja ya kujificha. Thamani kubwa ya kujitengenezea ni kwamba unaanza kuisoma ankara.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya namna magari yanavyotufikia. IST ilitengenezwa hasa kwa soko la Japani. Fungua dashibodi ya gari la jirani utakuta kitabu cha mwenye gari, kizima, kisafi, hakijawahi kusomwa. Kijapani kitupu. Gari lina maelezo yake yote na sisi tunaendesha kama vipofu, halafu anayekuja kutusomea ndiye anayetuuzia. Siku hizi simu inatafsiri ukurasa kwa kamera, tafsiri ya kuchekesha lakini inatosha. Humo ndimo nilimoona kwamba injini hii, ukibadilisha na filta, inameza lita 3.7 za oili. Dumu linalouzwa ni la lita 4. Kwa miaka mingi mafundi walikuwa wananimiminia dumu zima mpaka tone la mwisho, na kijiti cha kupimia kikisoma juu ya alama wananiambia ni afadhali izidi kuliko ipungue.

Chungulia pia kwenye fremu ya mlango wa dereva. Gereji za Japani huacha stika ndogo yenye tarehe na kilomita za oili ilipobadilishwa mara ya mwisho. Nimewahi kuona stika ikisema 118,000 na dashibodi ikisema 74,000. Mtu alizirudisha nyuma. Hayo ni ya siku nyingine.

Sasa upande wa pili, na nianze na aibu yangu mwenyewe. Mara ya kwanza kubadilisha filta ya oili nilifanya kila kitu kama video ilivyosema. Nilimwaga oili chafu kwenye beseni, nikarudisha boliti namba 14, nikapaka oili kidogo kwenye raba ya filta mpya, nikaikaza kwa mkono. Nikawasha. Sekunde kama nne hivi, oili ikaruka kama bomba la DAWASA lililopasuka. Raba ya filta ya zamani ilikuwa imeng'ang'ania kwenye injini, nikaweka mpya juu yake, raba mbili zikakaa mgongo kwa mgongo, na raba mbili hazizuii kitu. Lita zaidi ya mbili zilikuwa sakafuni kabla sijazima. Kama ningewasha na kuondoka kwenda kazini, injini ingekufa kabla sijafika Ubungo.

Karakana rasmi ikifanya kosa hilo, injini ni yao. Ukilifanya wewe, injini ni yako. Hapa watetezi wa wakala wana haki kamili, na bei yao imebeba dhamana hiyo, pamoja na mashine za kupimia, mafunzo ya mafundi na stoo ya spea. Imebeba pia mahali pa kupeleka oili chafu. Sisi wa uani tunaimwaga mtaroni au tunampa anayepaka mbao kuzuia mchwa, kisha tunajisifu kwamba tumeokoa hela.

Tena kuna kazi ambazo mwenye spana za nyumbani hapaswi kuzigusa. Mifuko ya hewa, ile inayofumuka wakati wa ajali, ndiyo ya kwanza. Vilipuzi vya Takata, kampuni iliyofilisika Juni 2017, vilitumia ammonium nitreti ambayo huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na mfuko ukifumuka chuma hupasuka na kurusha vipande kwa aliyekaa mbele. Marekani peke yake vimeua watu zaidi ya 20. Toyota iliyaita yarudi kurekebishwa magari mengi ya miaka ya 2000, Corolla na Yaris zikiwemo. Joto na unyevu wa miaka mingi: hiyo ni Dar, hiyo ni Tanga, hiyo ni Mombasa. Hapa namba ya chasisi ipelekwe kwa wakala, na kasoro ya kiwandani ambayo mtengenezaji ameitia gari si mambo ya kutafutia fundi wa kona.

Haibridi vilevile. Betri kubwa ya Prius ina volti zaidi ya 200, na zile nyaya za rangi ya chungwa hazikupakwa kwa urembo. Gia boksi za CVT, zile za otomatiki zisizo na hatua, kama za Vitz nyingi nazo zinataka mafuta yake maalumu. Ukiweka ya otomatiki ya kawaida umeiua, na haijalishi uliweka wewe au fundi wa mtaa aliyekuambia mafuta ni mafuta.

Na jeki. Jeki inayokuja na gari ni ya kubadilishia tairi, si ya kulalia chini yake. Nimeona watu wakiongeza tofali la saruji kama usalama. Tofali la saruji halipindi kwanza likakuonya. Linapasuka. Kama huna stendi za chuma, kazi ya chini ya gari mpe mwenye shimo.

Hoja ya warantii huwa inatajwa kwa sauti kubwa kuliko inavyostahili. Kwa gari jipya ni ya kweli, ingawa hata huko mambo yanabadilika: tangu Julai 2021 miongozo ya Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini inamruhusu mwenye gari lenye warantii kulipeleka gereji huru, na Marekani ina sheria ya 1975 inayomzuia mtengenezaji kufuta warantii eti kwa sababu tu hukununua spea kwake. Lakini gari la jirani yangu? Warantii yake ilikwisha kabla halijapakiwa melini.

Nitaulizwa kuhusu fundi wa mtaa, maana kwa wengi wetu yeye ndiye chaguo la kweli, si mimi na spana zangu wala wenye kiyoyozi. Simpuuzi, ndiye aliyenionyesha ile raba ya pili, akicheka. Nimegundua tu kwamba naelewana naye vizuri zaidi tangu nianze kuchafuka. Zamani nilikuwa namwachia gari na funguo. Sasa naenda mwenyewe eneo la Gerezani, hapa Dar, kununua spea, na muuzaji akinipangia mezani pedi za breki za bei tatu, moja orijino, nyingine orijino kabisa, nyingine jenyuini, walau najua cha kutazama kabla sijatoa pochi. Wakati mwingine bado napigwa. Napigwa kidogo.

Jirani alirudi karakana na karatasi yake. Aliwauliza juu ya mstari wa saba, wakaufuta bila maelezo, na aliyeufuta hakuinua hata macho. Filta ya hewa aliiweka mwenyewe uani, mimi nimesimama pembeni mikono nyuma, akavunja ukucha kwenye klipu ya pili na kunilaumu. Suala la mifuko ya hewa amelipeleka kwa wakala na namba yake ya chasisi, kama inavyotakiwa. Breki amewaachia karakana ileile, kwa bei yao, na mimi nikamwunga mkono.

Jana jioni kanigongea geti tena, karatasi mkononi, kidole kiko kwenye mstari wa tisa: kusafisha mfumo wa mafuta.

"Na hiki nacho," akasema, "wanakisafishaje?"