Siyo sadaka peke yake
Makala yenu inasema vijana wanaacha Ukristo kwa sababu ya wachungaji wapenda fedha. Ipo hiyo, lakini wapo wanaotaja maandiko yenyewe, kwamba yamebadilishwa, na hao hamjawajibu. Fungueni Marko 16. Hati mbili kongwe za Kigiriki, Codex Sinaiticus na Codex Vaticanus, za karne ya 4, zinaishia aya ya 8, wanawake wakikimbia kaburini kwa hofu. Aya ya 9 hadi 20, pamoja na kushika nyoka na kunywa kitu cha kufisha, hazimo. 1 Yohana 5:7 ndiyo nzito zaidi: maneno ya Baba, Neno na Roho kuwa umoja hayamo katika matoleo ya Agano Jipya la Kigiriki aliyochapisha msomi Erasmus 1516 na 1519, yaliingia katika toleo la 1522.

Hoja yao hukosea inaporukia kusema basi Yesu hakufufuka. Hilo halithibitishwi na hati, maana 1 Wakorintho 15, inayotaja ufufuo huo, iliandikwa kabla ya Marko. Ila kijana aliyeambiwa hakuna herufi iliyobadilika, akiona picha za Sinaiticus mtandaoni, hatamwamini mchungaji wake tena kwa lolote. Jamani, mfundisheni haya kwenye kipaimara.