Supamaketi ya familia na mzigo wa mali kauli

Wakazi wa Arusha tunalikumbuka duka kubwa la pale kwenye jengo la maduka la TFA, Barabara ya Sokoine. Lilikuwa la Shoprite ya Afrika Kusini, na mwaka 2014 likauzwa kwa Nakumatt, kampuni ya Kenya iliyoongozwa na Atul Shah na familia yake. Nakumatt ilifikia maduka zaidi ya 60 Afrika Mashariki. Kufikia 2017 rafu zilikuwa tupu, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe.

Tangu hapo wengi husema biashara ya familia haiwezi kukua ikadumu. Ushahidi wanao: ndugu wa Tuskys, supamaketi nyingine ya Kenya, walifikishana mahakamani wakigombea kampuni ya familia, na mtandao wao nao ukafa. Lakini Uchumi, supamaketi ya Kenya isiyo ya familia, iliyouza hisa zake Soko la Hisa la Nairobi, ilifunga maduka yake ya Tanzania mwaka 2015. Na Shoprite haikushindwa na ndugu. Iliona faida haitoshi, ikaondoka.

Hapo ndipo naiona nguvu ya familia. Mwenye duka aliyezaliwa Arusha hana pa kuondokea. Mama anayesindika mtindi Tengeru anamkuta kaunta, anaonjesha, anapewa nafasi kwenye rafu siku hiyo hiyo. Meneja wa kampuni ya mbali angemwambia asubiri makao makuu.

Shida huanza baada ya kupokelewa. Mzigo huenda kwa mali kauli, yaani duka linachukua kwanza na kulipa baadaye, na malipo husubiri miezi miwili au mitatu. Kama msambazaji amesajiliwa VAT, kodi hiyo ya asilimia 18 anadaiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama duka halijamlipa senti. Kwa hiyo ndiye anayelikopesha duka, bila riba wala dhamana. Fedha hiyo ya msambazaji ikichanganywa na ada za watoto wa mwenye duka na ujenzi wa tawi jipya, hakuna atakayejua imeishia wapi, maana mhasibu ni shemeji na haulizwi.

Familia ya Naivas, supamaketi nyingine ya Kenya, iliuza sehemu ya hisa zake kwa wawekezaji wa nje; mwaka 2022 wawekezaji hao walikuwa na asilimia 40, na familia wakati huo ilikuwa bado na sehemu kubwa. Mwekezaji wa namna hiyo hudai hesabu zilizokaguliwa. Maduka yetu ya Arusha na Moshi hayahitaji kufika huko. Yaanze na akaunti ya benki ya duka peke yake, na mkataba wa maandishi wa kumlipa yule mama ndani ya siku 30.