Usimlipe kwanza anayepiga kelele

Kipato kikikatika ghafla, kati ya wanaokudai wa kwanza kulipwa huwa yule anayepiga simu kuliko wenzake. Asubuhi kakupigia mara tano, mchana kakutumia ujumbe wa vitisho, jioni kampigia shemeji yako. Unakusanya kilichobaki unamtupia, angalau simu inyamaze. Mwisho wa mwezi kodi ya nyumba haipo, na mwenye nyumba, mtu mpole ambaye hajawahi kukugombeza, anakuletea notisi ya kuhama.

Kwangu mimi hili ndilo linaloziumiza zaidi familia zilizopoteza mshahara au biashara. Wengi wao si wafujaji. Wanalipa kila wanachoweza, ila wanalipa kwa kufuata kelele, na kelele haikuambii lolote kuhusu hatari. Mikopo midogo ya kwenye simu, ile ya siku 14 au 30, ina makelele kwa sababu mara nyingi haina dhamana. Mkopeshaji hana cha kukamata, kwa hiyo silaha yake ni kukuaibisha. Anayeshikilia hati ya nyumba yako hana haja ya kupaza sauti, kwa sababu mkataba anao kabatini.

Kwa hiyo chukueni karatasi, wote mnaotegemea mfuko mmoja, na kila deni liandikwe: nani anadai, salio, rejesho la mwezi, riba, dhamana, mdhamini. Safu ya mwisho ndiyo yenye kazi: tusipolipa mwezi huu tutapoteza nini, na lini? (Kikao hicho ndipo madeni ya siri yanapojitokeza, yale ambayo mume au mke hakuwahi kuyataja. Vumilianeni. Ugomvi wa usiku ule ni nafuu kuliko karatasi yenye uongo.) Juu kabisa, kabla ya deni lolote, wekeni chakula, paa, maji, umeme, dawa, na kile kinachowaletea riziki, iwe ni pikipiki au cherehani. Chini yake ije mikopo yenye dhamana ambayo hamwezi kuishi bila hiyo dhamana. Kisha ile yenye wadhamini. Hapa sina simile: mtu aliyeweka jina lake kwa ajili yako anastahili kusikia kutoka kwako kwamba kazi imekatika, kabla hajasikia kutoka kwa mkopeshaji kwamba akiba yake inakatwa. Mwenye kelele, mara nyingi, anaangukia chini ya orodha.

Baada ya hapo nenda kwa mkopeshaji mkubwa kabla rejesho la kwanza halijapita. Watu wengi huzima simu wakasubiri mambo yatengemae, na hapo wanapoteza muda mzuri kuliko wote. Mabenki mengi duniani huhesabu mkopo uliokaa zaidi ya siku 90 bila kulipwa kuwa mkopo chechefu, na mkopo chechefu unaichafulia benki yenyewe hesabu zake. Kabla ya kufika huko, wao pia wana sababu ya kutaka muelewane. Deni likishapelekwa kwa wakusanya madeni, mara nyingi unazungumza na mtu anayelipwa kwa kile anachokusanya, asiye na mamlaka ya kubadilisha hata mstari mmoja wa mkataba.

Ukifika, usianze na hadithi ndefu. Sema: "Kazi yangu imekwisha tarehe fulani. Rejesho langu ni 9,000. Kwa miezi mitatu ijayo naweza kulipa 3,000. Naomba mkopo upangwe upya na faini za kuchelewa zisimamishwe." Kisha uliza riba itaendelea kuhesabiwa au la, muda wa mkopo utaongezeka kwa kiasi gani, na taarifa zako za mikopo zitasomekaje. Majibu yaje kwa maandishi. Uliza pia kama mkopo ulikatiwa bima siku uliyouchukua. Mara nyingi bima hizo hulipia kifo na ulemavu, lakini zipo zinazolipia kupoteza ajira, na wakopaji wengi hawazikumbuki kwa sababu makato yalipita kimyakimya.

Nafuu hiyo si msamaha. Chukua deni la 100,000 lenye riba ya 3% kwa mwezi juu ya salio. Ukilipa 3,000 kila mwezi umelipa riba tupu, deni linabaki palepale. Kama hilo ndilo linalokuvusha miezi mitatu, sawa. Ukilipa 4,000, litakwisha baada ya miezi 47 hivi. Ukilipa 5,000, ni miezi 31. Kipato kikirudi, usisubiri benki ikukumbushe kupandisha rejesho, kwa sababu haitakukumbusha.

Lipi limalizwe kwanza pesa kidogo ikianza kuingia? Washauri wengi husema anza na lenye riba kubwa, wengine husema anza na dogo kuliko yote ili upate moyo. Mimi naona kipato kikiwa bado kinayumba, umalize lile litakalokufungulia rejesho kubwa kwa pesa kidogo. Deni lenye salio la 12,000 na rejesho la 4,000 kwa mwezi linakubana kuliko lenye salio la 60,000 na rejesho la 3,000, hata kama hilo la pili lina riba kubwa zaidi. Ukilimaliza la kwanza, kila mwezi una 4,000 ya kupumulia. Hesabu ya riba itashika nafasi yake kipato kikishatulia. Ninachotoa kwenye kanuni hii ni mikopo ya kausha damu tu, ile ya muda mfupi yenye ada kali: ada ya 8% kwa mwezi, ukiihuisha kila mwezi, yaani ukilipa ada tu na kusogeza deni mbele, inafika 96% kwa mwaka kabla hata ya faini. Hiyo usiihuishe. Afadhali ichelewe huku unaomba kuilipa kidogo kidogo.

Kiinua mgongo nacho kina mtego wake. Kuna wanaokipokea leo na kesho wamekimalizia benki chote, kwa hoja kwamba dawa ya deni ni kulipa. Naielewa ile hamu ya kulala bila deni. Lakini mkopeshaji aliyepokea pesa hiyo hatakukopesha tena miezi minne baadaye ukiwa huna kazi, na utaishia kwa haohao wa siku 14. Tenga kwanza gharama za miezi kadhaa, ndipo ugawe kinachobaki.

Ofa ya kuunganisha madeni yote kuwa mkopo mmoja nayo itakujia, na wakati mwingine inafaa. Angalia jambo moja kabla ya kusaini: je, unaweka nyumba au kiwanja dhamana ili kufuta madeni ambayo hayakuwa na dhamana yoyote? Kama ndivyo, umemlipa mwenye kelele kwa paa la watoto.

Na huyo mwenye kelele mwenyewe? Mjibu mara moja, kwa maandishi: nakiri deni, kipato kimekatika, nitalipa kiasi hiki kidogo kila tarehe hii. Kiasi hicho kiwe kile unachoweza kweli, hata kama kinatia aibu, kwa sababu ahadi kubwa ikivunjika inarudisha simu kwa nguvu mpya. Tunza vitisho vyote anavyotuma kwako na kwa ndugu zako, kwani nchi nyingi zina sheria dhidi ya kumdhalilisha mdaiwa. Deni likishachakaa, wakopeshaji wengine hukubali kupokea pungufu ya salio kwa mkupuo mmoja. Akikubali, usitume hata senti kabla hajakupa barua inayosema kwamba kwa kiasi hicho deni limefungwa.