Tunaiua ridhaa, halafu tunadai bingwa wa dunia

Bango limesambaa wiki nzima. Kijana kifua wazi, ngumi kakunja, macho makali, na juu ya kichwa chake maandishi mekundu: HAJAWAHI KUPIGWA. Nikataka kumjua. Nikawauliza watu wa ngumi ninaowaamini, huyu kwenye ridhaa, yaani ngumi zisizo za kulipwa, alipigania timu gani? Nikajibiwa kwamba hakupigana ridhaa. Alianza kupiga begi mtaani, mtu mwenye fedha akaona ana mkono mzito, haukupita muda kapata leseni ya kulipwa, na akaanza kutafutiwa wapinzani waliochaguliwa kwa uangalifu ili waanguke. Sasa anagombea mkanda, raundi kumi, dhidi ya mtu aliyekulia kwenye timu ya taifa ya nchi yake.

Nimekasirika, na hasira yangu haimhusu kijana. Yeye kapewa nafasi, kaichukua. Hasira yangu ni kwa sisi tunaonunua tiketi, tunaotangaza, tunaosimamia, ambao tumekubali kwamba bondia anaweza kuanza safari kutokea katikati.

Tukisimulia maisha ya bingwa yeyote, tuna kipande tunachokiruka. Tunaanza na dhiki ya utotoni, kisha tunarukia usiku wa mkanda, machozi, bendera mabegani. Pale katikati kuna miaka ya ridhaa: safari za basi, mashindano ya mkoa, ulingo uliofungwa uwanjani mchana wa jua, watazamaji ndugu na wachezaji wenzake. Hakuna anayeilipia miaka hiyo wala anayeirusha kwenye televisheni. Lakini bingwa anapatikana humo.

Chukueni Ayub Kalule wa Uganda. Mwanzoni mwa 1974 alikuwa Christchurch, New Zealand, akatwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola katika uzito wa lightweight. Mwaka huohuo akaenda Havana, Cuba, kwenye mashindano ya kwanza kabisa ya dunia ya ridhaa, akapanda uzito na akarudi na dhahabu nyingine. Akahamia Denmark na kuingia ngumi za kulipwa mwaka 1976. Oktoba 1979 alikwenda Akita, Japan, kwa bingwa mwenyewe, Masashi Kudo, akampiga kwa pointi na kuondoka na mkanda wa uzito wa super welter wa WBA, mojawapo ya vyama vinavyotoa ubingwa wa dunia, kama WBC na WBO. Enzi hizo ubingwa ulipiganwa raundi kumi na tano. Ndiyo, raundi kumi na tano ugenini, mbele ya watu wa mpinzani, na majaji wakampa yeye. Mtu haanzi kujifunza utulivu wa namna hiyo akiwa na mkataba mkononi. Kalule alikuja nao kutoka ridhaa.

Nataka nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo wengi wanaponibishia.

Kwenye mashindano ya ridhaa hujichagulii mpinzani. Kura inapigwa, unasoma jina lako, basi. Leo unakutana na mrefu anayekuzuia kwa jebu, ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, mwanzo hadi mwisho. Keshokutwa unakutana na mfupi anayekuingia tumboni kichwa chini. Ukipita, nusu fainali inakuletea mashoto, na kama hujawahi kucheza na mashoto, dakika tisa zote mguu wako wa mbele unagongana na wake na mkono wake wa kushoto unakufikia kutoka usikokutazamia. Kila asubuhi ya pambano unapanda mizani na daktari anakuangalia. Katika juma moja au mawili umepambana na mitindo minne, mitano, umekula kwa kipimo, umelala chumba kimoja na wenzako watatu wenye wasiwasi kama wako, na umeamka ukapigana tena na mwili bado unauma.

Bondia wa kulipwa anayelelewa na promota wake anapata nini? Anapata mtu mmoja aliyechaguliwa, baada ya miezi kadhaa, ambaye mara nyingi kazi yake ni kushindwa. Anamwangusha raundi ya pili. Hakujifunza kitu. Anamwangusha mwingine, na hajajifunza kitu tena. Baada ya mapambano kumi ya aina hiyo ana rekodi ya kupendeza na bado ni mwanafunzi. Hajui afanye nini siku mkono wake mzito utakapomkuta mtu na mtu asianguke.

Halafu kuna kushindwa. Ridhaa inakufundisha kushindwa kwa bei ndogo. Unapoteza kwa pointi Jumamosi, unalia usiku, Jumatatu kocha anakuonyesha ulivyokuwa unashusha mkono wa kulia kila unaporusha jebu. Unarekebisha, na mwaka unaofuata unampiga yuleyule aliyekupiga. Kwenye kulipwa tumeifanya ile sifuri ya kutowahi kupoteza kuwa kitu kitakatifu. Bondia akipoteza mara moja, simu ya promota haipokelewi tena. Kwa hiyo kila mtu anailinda sifuri, na anayeilinda sifuri hakutani na mtu wa maana mpaka siku ya mkanda.

Vasyl Lomachenko wa Ukraine alishinda dhahabu mbili za Olimpiki, 2008 na 2012, na katika mapambano karibu mia nne ya ridhaa alipoteza moja tu. Machi 2014, katika pambano lake la pili tu la kulipwa, aligombea mkanda wa dunia dhidi ya Orlando Salido na akashindwa. Hakuna aliyemtupa. Juni mwaka huohuo alipewa nafasi nyingine dhidi ya Gary Russell Jr., akashinda, akawa bingwa wa WBO katika pambano lake la tatu. Hapa kwetu kijana akipoteza pambano la pili angeambiwa arudi kwenye bodaboda.

Naye Oleksandr Usyk, mwenzake Lomachenko kwenye timu ileile ya Ukraine, alipata dhahabu London 2012. Mei 2024 alimpiga Tyson Fury jijini Riyadh na kukusanya mikanda yote minne ya uzito wa juu. Fury ni mkubwa kuliko yeye kwa kila kipimo. Katika raundi za katikati Usyk alionekana anaelemewa, akatafuta mlango, raundi ya tisa akaupata na nusura ammalize. Hiyo ni elimu ya mtu aliyepigana na mitindo ya dunia nzima kabla hajalipwa hata senti.

Sisi wenyewe tulikuwa na elimu hiyo. Mwaka 1970, Edinburgh, Titus Simba wetu alifika fainali ya Jumuiya ya Madola katika uzito wa kati, akashindwa na Mwingereza aitwaye John Conteh. Miaka minne baadaye Conteh huyo alikuwa bingwa wa dunia wa WBC, uzito wa light heavy. Yaani Mtanzania alisimama ulingo mmoja, fainali moja, na mtu ambaye angekuwa bingwa wa dunia. Mwaka 1998 Kuala Lumpur Michael Yombayomba alitwaa dhahabu ya mashindano hayohayo. Na msiseme hayo ni ya kale: Birmingham 2022, Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe walirudi na shaba mbili. Ukiacha medali ya fedha ya Alphonce Simbu kwenye marathoni, hizo ndizo medali zote nchi ilizopata kule. Mbili kati ya tatu zilitoka kwenye ngumi za ridhaa, mchezo ambao hatuupi hata usiku mmoja wa televisheni kwa heshima inayostahili.

Wakenya nao. Philip Waruinge alipata shaba Mexico 1968 na akapewa Kombe la Val Barker la bondia mwenye ufundi kuliko wote katika Olimpiki ile. Hebu fikirini, wa shaba anapewa tuzo ya ufundi mbele ya wote wenye dhahabu! Miaka minne baadaye alipata medali ya fedha Munich. Stephen Muchoki akawa bingwa wa dunia wa ridhaa Belgrade 1978, huku Kenya ikisusia Olimpiki ya 1976 na ile ya 1980, ikamnyima kijana wa watu nafasi mbili akiwa kwenye ubora wake. Bado inaniuma.

Najua mtakachosema: Waruinge na Muchoki walikwenda kulipwa na hawakuchukua ubingwa wa dunia. Ni kweli. Muchoki aligombea mkanda wa dunia wa Santos Laciar mwaka 1983 na akapoteza kwa pambano kusimamishwa. Nakubali kwamba ridhaa peke yake haitoshi. Raundi tatu za ridhaa ni mbio fupi, raundi kumi na mbili za kulipwa ni dakika thelathini na sita za kugawa pumzi, kupiga mwili ili kichwa kishuke baadaye, kujua kumkumbatia mtu ukiwa umetikisika. Wapo mafundi wa ridhaa waliofika huko wakakwama. Na yupo Bernard Hopkins, aliyepoteza pambano lake la kwanza la kulipwa mwaka 1988 na bado akatawala uzito wa kati kwa miaka. Lakini hata huyo Hopkins alishapigana miaka akiwa gerezani kabla ya hapo, hakuokotwa mtaani wiki iliyopita.

Nakubali pia kwamba ridhaa ina uchafu wake. Seoul 1988, Roy Jones Jr. aliporwa fainali mchana kweupe, dunia nzima ikiona. Uongozi wa kimataifa wa mchezo uliharibika kiasi kwamba mwaka 2023 Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilikiondolea utambuzi IBA, chama kilichosimamia ngumi za ridhaa duniani.

Na njaa je? Hili ndilo linalonibana kuliko yote, na sitalikwepa. Kijana wa ridhaa anarudi nyumbani na medali, nyumbani wanasubiri unga. Kwenye raundi nne za kulipwa kuna chochote. Ndiyo maana kwa miaka mingi mabondia waliodumu kwenye ridhaa ni wa Jeshi, Polisi, Magereza na JKT, watu wenye mshahara mwisho wa mwezi. Kijana asiye na ajira hiyo nikimwambia avumilie ridhaa miaka mitatu, ana haki ya kuniuliza atakula nini. Sina la kumjibu peke yangu. Lakini promota anayelipia taa, muziki na wasanii wa usiku mzima analo jibu, ila hataki kulitoa.

Tangu Hassan Mwakinyo ammalize Sam Eggington raundi ya pili pale Birmingham, Septemba 2018, fedha zimeingia kwenye ngumi zetu. Nilifurahi kama kila mtu. Udhamini umekuja, televisheni zimekuja, kumbi zinajaa. Ni shilingi ngapi kati ya hizo zimeshuka hadi kwenye klabu inayofundisha watoto wa miaka kumi na miwili kusimama na kurusha jebu?

Nina sababu moja ya kuandika kwa hasira hivi, na si medali. Robert Wangila wa Kenya alikuwa bingwa wa Olimpiki, Seoul 1988. Alimmaliza Mfaransa Laurent Boudouani kwa KO raundi ya pili ya fainali. Hakuna Mkenya mwingine aliyepata dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha. Alikuwa amepita kila darasa. Julai 1994, Las Vegas, pambano lake na David Gonzales lilisimamishwa, na siku mbili baadaye alifariki. Alikuwa bado katika miaka ya ishirini.

Kama ulingo unaweza kumchukua Wangila, na ufundi wake wote, tunafanya nini tunapompandisha kijana asiyejua hata kurudisha mkono kidevuni? Kwenye ridhaa mwamuzi akiona umeyumba anakuhesabia hadi nane hata kama hujagusa chini, na pambano linakwisha mapema. Kwenye kulipwa hesabu hiyo kwa kawaida haipo, glovu ni nyepesi zaidi, raundi ni nyingi zaidi, na kona yako inaweza kuwa na mtu anayewaza mkanda kuliko anavyowaza ubongo wako. Mwenye kulijua hilo na bado akasaini karatasi za pambano ajue anachokisaini.

Ninachotaka kinafanyika. Wanaotoa leseni za kulipwa wadai kwanza kitabu cha mapambano ya ridhaa, kilichosainiwa na shirikisho, na asiye nacho arudishwe klabu. Promota anayeomba kibali cha usiku mkubwa aufungue kwa mapambano matatu ya ridhaa, vijana walipwe nauli na chakula, na klabu zao zipewe kitu. Vipimo vya kichwa vifanyike kweli, si karatasi tu.

Olimpiki ya Los Angeles ni 2028 na ngumi zimo. Uamuzi huo ulipitishwa Machi 2025. Watakaokwenda kule wako klabuni sasa hivi, wengine wanabadilishana glovu kwa sababu hazitoshi. Televisheni iliyorusha lile bango wiki nzima ipeleke kamera kwenye mashindano yajayo ya taifa ya ridhaa, irushe kuanzia robo fainali, majina ya vijana yatajwe sawasawa. Nitakuwa ukumbini.