Si mabaki ya udaktari
Mwandishi, kwenye makala yako unasema uhandisi wa vifaa tiba (kutunza na kutengeneza mashine za hospitali) unawafaa waliokosa udaktari. Hapana, ndugu yangu. Chukua mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani hapa Tanga, na huu unyevu wetu wa bahari. Ndani ina punje za zeolaiti zinazonasa naitrojeni ya hewa ili ibaki oksijeni. Zikishaingia unyevu, mashine inawaka na kunguruma vizuri tu, kumbe oksijeni inayotoka ni hafifu. Kwa macho huoni kitu, mpaka fundi apime. Hapo ni fizikia, kemia na elektroniki. Mdogo wangu yuko PCM (fizikia, kemia na hisabati), namsukuma aombe fani hii MUHAS, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Akitaka kuanzia diploma, DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) wanafundisha. Hisabati ajiandae nayo mapema (hapo ndipo wengi hulia).