Na yeye aulizwe kama anataka mtoto

Rafiki yangu ni mvuvi hapa Tanga, samaki wake huwauza soko la Deep Sea. Anaishi na VVU, mkewe hana. Ndoa ina miaka miwili na mama mkwe ameshaanza kuuliza kwa mafumbo. Juzi, kwenye baraza ya kahawa Ngamiani, alisubiri wenzetu waondoke ndipo akaniambia alivyomuuliza mhudumu wa kliniki habari ya mtoto. Akajibiwa: "Kaka, we shukuru uzima, tumia kondomu." Akapewa dawa zake, akaondoka. Ameniruhusu niandike, nisimtaje tu.

Jibu lile limeniuma, maana lingekuwa la kizamani hata miaka thelathini iliyopita. Mnamo 1992, dawa hizi za leo zikiwa bado hazijapatikana, Daktari Augusto Semprini wa Milan, Italia, tayari alikuwa ametangaza kazi yake ya kuosha mbegu za kiume. Virusi hukaa kwenye majimaji ya shahawa na kwenye seli nyingine zilizomo humo. Mbegu yenyewe si maskani yake. Kwa hiyo shahawa huzungushwa kwa kasi kwenye mashine, mbegu zikatengwa na majimaji yake, zikasafishwa, na zile zenye nguvu zikaachwa ziogelee zijitenge. Hupimwa virusi kwanza, kisha hupandikizwa kwa mama. Ni kazi ya maabara na ya gharama, lakini kuna watu walimtafuta mtoto kwa njia hiyo, na mpaka leo inamfaa ambaye virusi vyake havijashuka au mwenye shida nyingine ya uzazi.

Rafiki yangu hahitaji kufika Milan. Kidonge anachomeza kila usiku kinatosha kumlinda mkewe, mradi asikiruke na kipimo cha wingi wa virusi kiendelee kuonyesha havionekani, yaani ni vichache mno hata kipimo hakivioni. Katika utafiti wa PARTNER wa Ulaya, uliotoa matokeo 2016, wenza wa namna hii walikutana bila kondomu zaidi ya mara 58,000, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake. Tena mtoto hapati virusi kwa baba moja kwa moja: mama akibaki salama, mtoto yuko salama. Hili wengi hawalijui, nami nililijua ukubwani.

Kilichobaki ni mazungumzo. Waje wote wawili, wapimwe magonjwa ya zinaa, mama aelezwe habari za dawa kinga, za kutumia yeye asiambukizwe, endapo virusi vya mumewe bado viko juu, wafundishwe kuhesabu siku za kushika mimba. Mwanamke kliniki huulizwa habari za mimba. Mwanaume huulizwa vidonge vimebaki vingapi.

Alinionyesha kadi yake pale pale barazani. Majibu ya mwisho yameandikwa: virusi havionekani. Ana mwezi wa tano anatembea na karatasi ile mfukoni, na hakuna aliyemwambia ina maana gani kwake na kwa mkewe.